Bibi wa kandida si wa kukaa kimya



Mara nyingi tunasikia mtu akisema: bibi wa kandida, kazi yake ni kuvaa kikwembe kizuri na kukaa nyuma ya bwana yake. Neno hilo tunalikataa. Tazameni mambo ya Marekani, mwezi wa Oktoba 1964.

Tarehe 2 Julai ya mwaka ule, Prezidenti Johnson alitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na kazi. Sisi tuliojua mji wa Wazungu na kampi ya weusi, hatuna lazima ya kuelezwa. Wazungu wengi wa kusini walikasirika sana, na siku za kura zilikuwa karibu. Nani ataenda kwao? Bibi yake, Lady Bird, ambaye ukoo wa mama yake ulikuwa wa Alabama, alikwenda.

Alipanda treni tarehe 6 Oktoba. Siku 4, majimbo 8, toka Virginia mpaka New Orleans, hotuba 47. Ninyi mnaojua reli, mnajua usingizi wa ndani ya treni ni usingizi gani! Wakubwa wengine wa chama cha bwana yake waliogopa kuonekana naye. Vitisho vya bomu vilikuwapo, hata mashini moja ilitangulizwa peke yake kupima njia. Katika South Carolina watu walimpigia makelele na kumtukana. Yeye aliwaambia kwamba wana haki ya kusema yao, lakini sasa ni zamu yake.

Tusidanganyane. Tarehe 3 Novemba Johnson alishinda, lakini katika majimbo yale 8 alipoteza 5. Wengine watasema safari ilikuwa ya bure. Sisi hatusemi vile. Anayekwenda kwa wanaompenda tu hajaomba kura, ametembelea jamaa.

Na kwetu? Mwezi wa Mei 1960, Kongo ilipochagua wabunge wake, wanaume peke yao walipiga kura. Mabibi wa makandida walipokea wageni usiku na mchana, walipika, walikosa bwana nyumbani juma nzima. Kisha siku ya kura walibaki mlangoni. Haki ile waliipata mwaka 1967. Kwa hiyo kandida akija kampini kusema habari za wanawake, na bibi yake yuko pale, mwombeni bibi aseme kwanza.