Barua pepe inapojijibu yenyewe: Nani anawajibika katika ofisi za sekta Rwanda?

Ofisi ya sekta, umurenge kwa Kinyarwanda, ndiyo mlango wa kwanza wa serikali kwa mwananchi wa Rwanda. Hali ni hiyo hiyo huko Giheke, mojawapo ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa nchi. Katika ngazi hii ndipo inapofungwa ndoa ya kiserikali, inapohamishwa miliki ya ardhi na inapofuatiliwa misaada ya kaya maskini. Rwanda ina sekta 416, na wafanyakazi wa kila ofisi ni wachache kuliko watu wanaowasubiri.

Maombi mengi ya huduma hizo sasa hupitia Irembo, jukwaa la serikali la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2015. Hata hivyo, maswali yanayoambatana na maombi hayo hayakwishi. Ni nyaraka gani zinahitajika? Faili limefika wilayani? Afisa wa ardhi yupo siku gani? Mengine huulizwa ana kwa ana, mengine kwa simu, na mengine kwa barua pepe, hasa yanapotoka kwa Wanyarwanda walio ng'ambo, mashirika, shule au ofisi nyingine za serikali.

Swali linalojitokeza kwa ofisi za ngazi hiyo ni iwapo majibu yanayojirudia kila siku yakabidhiwe kompyuta. Kitaalamu, kazi hiyo ni nyepesi. Ugumu wake uko katika utawala.

Teknolojia ya zamani

Kujibu barua pepe bila mkono wa mtu hakukuanza na akili mnemba. Tangu miaka ya 1980, kompyuta za mfumo wa Unix zilikuwa na programu ndogo iliyomjulisha mtumaji kuwa mwenye anwani yuko likizo. Leo mfanyakazi anaweza kuandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe: barua ikiwa na neno "ndoa" kwenye kichwa chake, itumwe orodha ya nyaraka, ikiwa na neno "ardhi", apelekewe afisa wa ardhi na mtumaji ajulishwe. Huduma nyingi za barua pepe, zikiwamo zisizolipiwa, zina sehemu ya kuweka kanuni kama hizo.

Urahisi huo una mtego wake. Skripti mbili zikikutana, kila moja humjibu mwenzake bila kikomo, na sanduku la barua hufurika. Ndiyo maana wataalamu wa intaneti walichapisha mapendekezo mwaka 2004 kuhusu majibu ya aina hii: jibu la mashine lijitambulishe kuwa ni la mashine, lisitumwe kwa barua iliyotoka kwa mashine nyingine, wala lisimrudie mtu yule yule kila anapoandika.

Ofisi inayoweka skripti bila kuzingatia kanuni hizo hujiongezea kazi badala ya kuipunguza.

Jibu liwe kwa lugha gani?

Mwaka 2008, halmashauri ya Swansea huko Wales ilimwandikia mfasiri barua pepe ikiomba tafsiri ya maneno ya kibao cha barabarani. Lilirudi jibu la mashine kwa Kiwelisi, likieleza kuwa mfasiri hayupo ofisini. Waliolipokea hawakuijua lugha hiyo. Walidhani ndiyo tafsiri yenyewe, wakaichapa kwenye kibao na kukisimamisha barabarani.

Kisa hicho kilizua kicheko, lakini kinagusa jambo zito kwa Rusizi. Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, kilichopewa hadhi hiyo mwaka 2017. Wilaya hii inapakana na Kongo na Burundi, na ng'ambo ya mto Rusizi uko mji wa Bukavu, ambako Kiswahili na Kifaransa vimeenea. Jibu lililoandaliwa kwa Kiingereza pekee linaweza kumfikia mtu kwa sekunde chache na bado lisimweleze chochote.

Rwanda yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Wakati wa janga la UVIKO-19 ilitengenezwa Mbaza, programu ya mazungumzo iliyojibu maswali ya wananchi kuhusu ugonjwa huo kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Iliweza kutumika hata kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Watengenezaji wake walianzia kwa muulizaji, kwa lugha anayoisema na simu aliyo nayo. Skripti ya barua pepe, kinyume chake, humfaa zaidi aliye na anwani ya barua pepe. Ikiwa ofisi itahesabu imehudumia umma kwa sababu barua zote zimejibiwa, mkulima aliyepanga foleni mlangoni atakuwa ameachwa nje ya hesabu.

Kupokelewa si kuhudumiwa

Hatari hiyo ya hesabu si ya kinadharia tu. Tangu mwaka 2006, viongozi wa wilaya nchini Rwanda husaini imihigo, mikataba ya utendaji inayopimwa kwa malengo na takwimu. Utaratibu huo umesifiwa kwa kuwabana viongozi watimize ahadi zao. Lakini kila kipimo huvuta mwenendo upande wake. Kasi ya kujibu ikifanywa kipimo, skripti itaipatia ofisi alama ya juu kabisa bila faili hata moja kusogea.

Tofauti iko katika maudhui ya jibu. Ujumbe unaosema "barua yako imepokelewa" na kuishia hapo unamwacha muulizaji alipokuwa. Ujumbe unaotaja nyaraka zinazokosekana, cheo cha afisa anayeshughulikia suala lake, namba ya kupiga na tarehe ya kutarajia uamuzi, unampunguzia safari. Unampa pia ushahidi wa kudai haki yake tarehe hiyo ikipita.

Mipaka ya mashine

Sheria ya Rwanda ya kulinda data binafsi na faragha, namba 058 ya Oktoba 2021, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale uamuzi huo unapomletea athari kubwa. Sheria hiyo inazihusu pia ofisi za umma. Skripti inayosoma barua zenye namba za vitambulisho, hali ya ndoa au miliki za ardhi inachakata data binafsi, hata kama iliandikwa na mfanyakazi mmoja kwa nia ya kuokoa muda.

Nchi nyingine zimejifunza kwa gharama. Februari 2024, baraza la usuluhishi katika jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kuwa shirika la ndege la Air Canada liwajibike kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo programu yake ya mazungumzo ilimpa abiria. Hoja ya shirika kwamba programu hiyo inajitegemea ilikataliwa. Nchini Australia, mfumo wa kompyuta uliowatumia watu barua za kudai marejesho ya misaada ya kijamii ulikokotoa madeni ambayo wengi hawakuwa nayo. Tume ya uchunguzi ilihitimisha Julai 2023 kwamba mpango huo haukuwa wa haki wala wa kisheria.

Kutokana na mifano hiyo, ofisi kama ya Giheke inaweza kugawa barua zake katika mafungu matatu. La kwanza ni maelezo ya jumla, kama saa za kazi na orodha za nyaraka. La pili ni taarifa za kupokea na kuelekeza barua. Haya mawili mashine inayaweza, mradi kuna mtu anayeyapitia kila kanuni au ada inapobadilika. La tatu ni uamuzi: nani apewe, nani anyimwe, nani arudi na ushahidi zaidi. Hilo linahitaji afisa mwenye cheo na saini, anayeweza kuulizwa kwa nini.

Kipimo cha mafanikio nacho hakipatikani ndani ya kompyuta. Kiko katika kujua iwapo mtu aliyepata jibu Jumatatu bado analazimika kupanda pikipiki Jumatano kwenda ofisini kuuliza swali lile lile.