Nyumba ya Wabishi Wawili

Kuna watu wanaoisifu Studio Ghibli kwa namna inayoishusha hadhi. Watakuambia filamu zake ni tamu, zinatuliza moyo, zina yule mnyama mkubwa wa manyoya anayengoja basi kwenye mvua. Na wako wanaoibeza kwa sababu hizohizo. Pande hizi mbili hazipatani, lakini zote zinabishania filamu tano au sita zilezile, utadhani studio iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1985 na kutoa filamu ndefu zaidi ya ishirini imekuwa ikipiga ngoma moja miaka yote. Nimezisikia hoja zao hadi nimezizoea. Nazijibu hapa, ingawa baadhi hazistahili zaidi ya aya moja.

"Katuni ni za watoto"

Hii ndiyo hoja kongwe, na kwetu ina mizizi. Katika nyumba nyingi katuni huwashwa ili watoto watulie na mkubwa apate kupika au kulala. Aliyekulia hivyo, ukimwambia akae saa moja na nusu atazame katuni, anaona umemvunjia heshima.

Basi na aanze na Grave of the Fireflies ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Isao Takahata kutokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka. Filamu haijashika kasi, tayari Seita, kijana wa miaka 14, anakufa kwa njaa kwenye stesheni ya Sannomiya mjini Kobe, majuma machache baada ya Japani kusalimu amri mwaka 1945. Kinachofuata ni kueleza tu jinsi yeye na mdogo wake Setsuko, wa miaka minne, walivyofikishwa huko. Takahata aliijua habari hiyo kwa ngozi yake: akiwa na miaka tisa alinusurika mabomu ya Okayama.

Wengi huiita filamu ya kupinga vita, na Takahata alilikataa jina hilo. Alichotaka tukitazame ni uamuzi wa Seita. Shangazi yao anawasimanga kwa kila kijiko cha wali, naye Seita anakasirika, anambeba mdogo wake na kwenda kuishi naye kwenye handaki kando ya maji, mbali na watu wote. Tunamwonea huruma. Hapohapo tunaona kwamba kiburi chake kinamuua mtoto. Kuyabeba hayo mawili kwa pamoja ni kazi ya mtu mzima, na wazima wenyewe wengi hatuiwezi.

Akimaliza, atafute Only Yesterday ya mwaka 1991. Taeko ana miaka 27, anafanya kazi ofisini Tokyo, anachukua likizo kwenda mkoa wa Yamagata kusaidia kuvuna maua yanayotoa rangi nyekundu. Njiani anamkumbuka yule Taeko wa darasa la tano, mwaka 1966. Hamna mchawi, hamna joka, hamna anayeruka. Kuna familia inayokata nanasi kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba si tamu kama walivyotarajia, na wengi wanasukuma vipande vyao pembeni. Kuna wasichana wanaoelezwa habari za hedhi, na wavulana wanaozisikia na kuanza utani wa kijinga. Kuna baba aliyempiga binti yake kofi mara moja tu, na binti ambaye mpaka leo hajui kwa nini. Takahata alirekodi kwanza sauti za waigizaji wa wahusika wazima, kisha wachoraji wakafuata midomo na mashavu yao, hadi mikunjo inayotokea mtu anapocheka. Kwa mauzo ya tiketi, filamu hiyo isiyo na kukimbizana wala kupigana iliongoza filamu zote za Kijapani nchini humo mwaka huo.

Hata zile za watoto zenyewe hazikupikwa bila chumvi. My Neighbor Totoro inasimama juu ya mama aliyelazwa hospitalini na mabinti wawili wanaoogopa kuuliza kama atarudi. Mama yake Hayao Miyazaki, aliyeiongoza filamu hiyo, aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi.

"Ghibli ni Miyazaki"

Kosa hili lina sababu. Miyazaki anaandika, anachora, anaongoza, kisha anachukua michoro ya wenzake na kuirekebisha kwa mkono wake mwenyewe. Princess Mononoke ya mwaka 1997 ilihitaji michoro ipatayo 144,000, na inasemekana takriban 80,000 kati ya hiyo ilipita mezani kwake. Spirited Away na The Boy and the Heron zimemletea Oscar mbili. Mti mkubwa namna hiyo huficha shamba.

Lakini studio haikuwa yake peke yake. Waliianzisha yeye na Takahata, pamoja na Toshio Suzuki aliyekuwa mhariri wa jarida la Animage, kwa fedha za kampuni ya uchapishaji ya Tokuma Shoten. Miyazaki na Takahata walikuwa wamefahamiana miaka ya 1960 katika studio za Toei, ambako walikuwa pamoja kwenye chama cha wafanyakazi kabla hawajawa na jina lolote. Takahata ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na ndiye aliyeanza kuongoza.

Na Takahata hakuwa mchoraji. Alisoma fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akatafsiri mashairi ya Jacques Prévert, akaingia kwenye katuni kama mtu wa mawazo na wa kuongoza. Kwa maoni yangu, siri ya studio nzima imejificha hapo. Miyazaki ana mkono wake, na mkono huo unatambulika popote: upepo kwenye nywele, mashine zinazohema, chakula kinachotoa mvuke. Takahata hakuwa na mkono wa kuulinda, hivyo kila filamu aliitafutia sura inayoifaa, hata kama ililazimu studio kujifunza upya. Wawili hao walibishana maisha yao yote, hadi Takahata alipofariki Aprili 2018. Studio yenye Miyazaki pekee ingekuwa na mtindo. Yenye Takahata pekee pengine ingefilisika mapema.

Tarehe 16 Aprili 1988 Wajapani walilipa tiketi moja wakaona Totoro na Grave of the Fireflies kwa mfululizo. Anayesema Ghibli ina ladha moja na aniambie waliotoka ukumbini siku hiyo walionja nini.

Wapo na wengine. Yoshifumi Kondo aliongoza Whisper of the Heart mwaka 1995 na akatarajiwa kuwa mrithi. Alifariki Januari 1998 akiwa na miaka 47. Michiyo Yasuda alichagua rangi za filamu za mabwana wote wawili. Mashamba na miti ya Totoro unayoipenda ilipakwa chini ya usimamizi wa Kazuo Oga, na muziki unaokuliza ni wa Joe Hisaishi.

"Zote zinafanana"

Msichana jasiri, msitu, kitu kinachoruka: hiyo ndiyo orodha. Inatosha kwa robo ya kazi zao.

My Neighbors the Yamadas ya mwaka 1999 ilitokana na katuni fupi za gazetini za Hisaichi Ishii. Watu wake wana vichwa vikubwa na miguu mifupi, rangi ni za majimaji, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe. Mama amechoka kupika, baba anataka rimoti ya televisheni, bibi ana ulimi mkali. Watu hawakuijaza kumbi, na Takahata hakuongoza filamu nyingine ndefu kwa miaka 14.

Aliporudi mwaka 2013 alileta The Tale of the Princess Kaguya, kutokana na hadithi ya kale ya mkata mianzi aliyemkuta mtoto ndani ya mwanzi. Iligharimu takriban yeni bilioni 5. Seiichiro Ujiie, mkuu wa Nippon TV, aliitafutia fedha kwa sababu tu alizipenda kazi za Takahata, na alifariki mwaka 2011 bila kuiona. Ilipangwa itoke siku moja na The Wind Rises ya Miyazaki, kama walivyofanya 1988, lakini Takahata alichelewa, kama kawaida yake, kwa miezi minne. Kuna mahali binti huyo anasikia wanaume walevi wakimdharau kwenye karamu yake mwenyewe. Anatoka mbio. Mistari ya mchoro inavurugika, nguo zinampukutika moja moja barabarani, uso unabaki mikwaruzo ya makaa, utadhani mchoraji naye amekasirika akavunja penseli. Sijaona mchoro mwingine wa Ghibli unaofanana na huo, na hiyo studio ndiyo inayosemwa inajirudia.

Mfano mwingine ni mdogo ila mimi naupenda zaidi. Pom Poko ya mwaka 1994 inahusu tanuki, wanyama wanaojua kujigeuza sura kama mashetani wa hadithi zetu, wanaopigana kuzuia vilima vya Tama, magharibi mwa Tokyo, visisawazishwe kujenga mji mpya. Wanashindwa. Mwaka uliofuata Kondo akatoa Whisper of the Heart, ambayo inatokea katika vilima hivyohivyo vya Tama. Shujaa wake ni binti wa shule anayekaa kwenye ghorofa za zege, anayeutania mji wake kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na anayeupenda. Studio moja, vilima vilevile, kwanza kilio cha waliofukuzwa, kisha mapenzi ya waliozaliwa juu ya kifusi. Hakuna kati ya filamu hizo inayomwomba mwenzake radhi.

"Ni mahubiri ya mazingira"

Anayesema hivi ameona bango la Princess Mononoke, hajaiona filamu. Kama ingekuwa mahubiri, Bibi Eboshi angekuwa shetani. Ni kweli anakata msitu ili ayeyushe chuma, na risasi yake ndiyo iliyomtia sumu mungu-nguruwe mwanzoni. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni yeye aliyewakomboa wanawake kutoka madanguro akawapa kazi, na wanaukanyaga mvukuto wa tanuri huku wakiwatania waume zao. Ni yeye aliyewachukua wenye ukoma ambao kila mtu aliwakimbia, akawafunga vidonda kwa mikono yake. Bunduki zake wanatengeneza wao. Ukimwondoa Eboshi ili msitu upone, watu hao utawapeleka wapi? Ashitaka, shujaa wa filamu, analiuliza swali hilo hadi mwisho, na mwisho hauna jibu safi. Eboshi anapoteza mkono, anabaki hai, anasema watajenga upya.

The Wind Rises ni mbaya zaidi kwa wapenda mahubiri. Inamfuata Jiro Horikoshi, aliyesanifu ndege ya kivita ya Zero, na inamruhusu aione ndege hiyo kuwa nzuri. Miyazaki anachukia vita. Mwaka 2013, filamu hiyo ilipotoka, aliandika kupinga mpango wa kubadili katiba ya Japani. Lakini anapenda ndege, na familia yake ilikuwa na kiwanda kilichotengeneza sehemu za mkia za ndege hizo wakati wa vita. Filamu ikamponza pande zote: wazalendo wakali walimwona msaliti, wengine wakasema amewasahau waliouawa. Nadhani hao wa pili wana hoja, kwa kuwa China na Korea karibu hazionekani katika filamu hiyo. Hata hivyo, mhubiri asingejiweka pabaya hivyo.

"Zinakwenda polepole"

Baadhi ndiyo. Mwaka 1985 wasambazaji wa Marekani waliikata Nausicaä, filamu ya Miyazaki iliyotangulia kuanzishwa kwa Ghibli, kwa zaidi ya dakika 20 ili ikimbie, wakabaki na hadithi isiyoeleweka. Kampuni ya Marekani ya Miramax ilipotaka kuikata Princess Mononoke, Suzuki alimpelekea mkuu wake, Harvey Weinstein, upanga wenye ujumbe kwamba isikatwe. Haikukatwa.

"Siku hizi kompyuta inazichora yenyewe"

Machi 2025 mamilioni ya watu waliweka picha zao kwenye ChatGPT zikarudi "kwa mtindo wa Ghibli". Kisha likaja neno kwamba sanaa hiyo imekwisha, kwa kuwa kilichochukua miaka sasa kinachukua sekunde.

Watetezi nao walijibu kwa kosa. Walisambaza kipande cha Miyazaki akisema jambo hilo ni tusi kwa uhai. Alisema kweli, katika filamu ya NHK ya mwaka 2016, lakini alikuwa ameonyeshwa kiumbe cha kutisha kilichofunzwa na kompyuta kujiburuta kwa kichwa, akamkumbuka rafiki yake mwenye ulemavu ambaye hata kupigana viganja kunamtaabisha. Hasira yake ilihusu kiumbe kile. Na Ghibli haijawahi kuwa adui wa kompyuta: ilitumika katika Princess Mononoke, Yamadas ilitengenezwa yote kwa dijitali, na Earwig and the Witch ya Goro Miyazaki, mwanawe Hayao, mwaka 2020, ni ya kompyuta mwanzo mwisho. Ni dhaifu, nakiri, ila udhaifu wake uko kwenye hadithi inayokatika ghafla kabla haijaiva.

Jibu langu kwa wale wa sekunde ni swali: Ghibli ipi? Picha zote zilizosambaa zilikuwa na mashavu yaleyale mekundu, mawingu yaleyale, nyasi zilezile za mchana wa kiangazi. Sikuona hata mtu mmoja aliyeletewa kichwa kikubwa cha bibi Yamada, au mikwaruzo ya makaa ya Kaguya, au mikunjo ya shavu la Taeko anapocheka. Mashine ilikusanya kile ambacho mashabiki na wabezaji walikuwa wameshakubaliana kukiita Ghibli, ikawarudishia.