Msimwite Marehemu Mvivu

Kila mwanafunzi anapogongwa katika Barabara Kuu ya Thika, husikika lawama ileile: mbona hakupanda daraja? Nami nauliza: daraja hilo lilijengwa kwa manufaa ya nani? Tangu barabara hii iliyopanuliwa izinduliwe mwaka 2012, dereva hunyoosha njia. Anayezungushwa ni yule atokaye Chuo Kikuu cha Kenyatta kwenda chumba chake cha kupanga Kahawa Sukari, apande, ashuke, usiku, huku akiificha simu yake. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nimewahi kusita kulipanda baada ya kipindi cha jioni. Mwendo wa gari ukiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huongezeka mara 4. Enyi wenye mamlaka, dhibitini kwanza mwendo huo, na lindeni daraja usiku kucha.