Chuo kilicho karibu, shamba lililo mbali: vijana wetu wa Beni na Butembo wanasomaje?

Kila mara matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya Beni na Butembo inabadilika kwa siku moja. Walioshinda wanamwagiwa poda, wanazungushwa mjini juu ya pikipiki, na kina mama wanapiga vigelegele. Sisi katika makanisa tunashangilia pamoja nao, na Jumapili inayofuata tunawasimamisha mbele ya washiriki ili waombewe. Kisha wiki inapita. Poda imekwisha kunawiwa, na nyumbani baba na mama wanabaki na swali ambalo hawalisemi kanisani: mtoto huyu atasoma wapi, na kwa feza gani?

Swali hili si jipya, lakini miaka hii limekuwa zito kuliko zamani. Tunapenda kulitazama pamoja nanyi, kwa sababu linagusa karibu kila parokia ya upande wetu wa Kivu ya Kaskazini.

Njia zimefungwa pande mbili

Zamani familia nyingi za Butembo na Lubero zilituma vijana wao Goma. Huko kuna chuo kikuu chetu sisi Waprotestanti, ULPGL, kilichoanza mwaka 1985, na vyuo vingine vingi. Lakini Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na mwisho wa Januari 2025 Goma nayo ikatekwa. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na barabara ya Butembo kwenda Goma ikawa inavuka mstari wa vita. Serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mzazi wa Butembo mwenye mtoto Goma aliamka asubuhi moja akakuta mtoto wake yuko upande wa pili wa vita.

Upande wa kaskazini tunajua hali yetu. Tangu Oktoba 2014 ADF wanaua watu katika eneo la Beni, halafu Ituri, na sasa hata ndani ya Lubero. Amri ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 inaendelea kurefushwa. Majeshi ya Uganda yaliingia kusaidiana na FARDC mwisho wa Novemba 2021. Pamoja na hayo yote, bado tunazika.

Kwa hiyo kusoma karibu na nyumbani si tena shauri la maskini tu. Kwa wengi ndiyo njia pekee iliyobaki.

Vyuo vyetu vidogo

Tunamshukuru Mungu kwamba njia hiyo ipo. Beni kuna UCBC, chuo kikuu cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Kilifunguliwa mwaka 2007 chini ya Congo Initiative, kazi iliyoanzishwa na David Kasali na mke wake Kaswera, ambao waliacha maisha ya usalama nje ya nchi wakarudi kwao. Lukanga, kule Lubero, ndugu zetu Waadventista wana UNILUK, chuo kilichozungukwa na vilima na mashamba. Kasugho kuna chuo kinachofundisha utunzaji wa misitu na wanyama, kilichotokana na kazi ya kulinda masokwe wa Tayna. Na Butembo penyewe kuna UCG ya Wakatoliki, iliyofunguliwa mwaka 1989, chuo cha Mapadri wa Assomption, na chuo cha Serikali cha Ruwenzori.

Vyuo hivi havifanani. Vingine viko mjini, vingine viko mahali ambapo mvua ikinyesha motari anakataa kupanda. Lakini vijana wanaosoma humo wanafanana sana. Wengi ni watoto wa wakulima na wachuuzi. Wengi ni wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Wanachosifu ni kwamba mwalimu anawajua kwa majina, na kwamba kijana wa kijijini haonekani mgeni. Wanacholalamikia ni vitabu vichache, intaneti inayokatika, na mwalimu mgeni ambaye somo lake la miezi mitatu linasongwa ndani ya wiki mbili kwa sababu alichelewa kupata njia ya kufika.

Bei ya chini si bei ndogo

Tunaposema chuo fulani ni cha bei ya chini, mara nyingi tunatazama minervali peke yake. Hilo ni kosa. Mwulize mwanafunzi akuhesabie. Kuna feza za kuandikishwa, za mitihani, za kuchapisha kazi. Kuna chumba cha kupanga, makaa, unga wa bugali, sabuni, mega za kutafuta masomo kwenye simu. Ukijumlisha, minervali inaweza kuwa sehemu ndogo kuliko maisha yenyewe. Na mji unapopokea wakimbizi na maofisa wengi kwa mara moja, kama Beni ilivyopokea, mwanafunzi ndiye wa kwanza kukosa chumba.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na bila malipo, na tangu Septemba 2019 jambo hilo limeanza kutendeka. Lakini chuo kikuu hakimo katika neema hiyo. Hapo mzazi analipa, na bei inahesabiwa kwa dola.

Dola hizo zinatoka wapi? Zinatoka shambani. Kwa watu wa Oicha, Mbau, Eringeti na Watalinga zinatoka katika kakao. Kwa wengine ni kahawa au vanila. Kwa watu wa milima ya Lubero ni viazi na maharagi. Na hapa ndipo shida yetu kubwa ilipo. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10.000 kwa tani, bei ambayo wazee wetu hawakuwahi kuisikia. Ingepaswa kuwa miaka ya furaha kwa wanafunzi wa Beni. Lakini kakao inakomaa msituni, na msitu ndio makao ya wauaji. Baba anajua kwamba mavuno yanatosha kulipa mwaka mzima, naye anajua pia ni majirani wangapi waliokwenda kuvuna wasirudi. Kusema kweli, wako wazazi waliouawa wakitafuta minervali.

Mzazi asipokwenda shambani, matokeo yanaonekana miezi michache baadaye mlangoni pa mtihani. Katika vyuo vingi asiyelipa haandiki mtihani. Tusilaumu vyuo upesi: chuo kidogo hakina tajiri nyuma yake, na mishahara ya walimu inatoka katika minervali ileile. Chuo kikisamehe wote, mwalimu naye hatakula. Hivyo wanafunzi na chuo wote wanategemea shamba moja, na shamba hilo halifikiki.

Tena tuseme wazi: feza zikipungua nyumbani, mara nyingi binti ndiye anayeambiwa angoje mwaka ujao. Mwaka huo mara nyingi haufiki.

Mpango mpya, taa ileile

Jambo lingine ni mpango wa LMD ulioanza katika vyuo vya nchi yetu mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani kijana alifanya miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka mitatu, na inahesabiwa kwa kredi 180. Mpango huu una faida: diploma zetu zinakaribia kufanana na za nchi nyingine. Lakini ndani ya kredi hizo kuna saa nyingi ambazo mwanafunzi anapaswa kusoma mwenyewe, nje ya darasa. Saa hizo atazipata wapi? Jioni watu hawatembei ovyo kwa sababu ya usalama. Chumbani hamna taa, au ipo ya simu. Serikali ilibadilisha mpango, lakini haikubadilisha chumba cha mwanafunzi.

Tumewahi kupita hapa

Wako wanaosema: vyuo ni vingi mno, kazi hakuna, afadhali kijana afanye biashara. Tunalisikia neno hilo hata kwa wazee wa kanisa. Lina ukweli ndani yake. Hatuhitaji kila kanisa lifungue chuo chake katika nyumba ya vyumba vinne ili lionekane. Diploma isiyo na elimu ni deni, si mtaji.

Lakini tukumbuke mambo mawili. La kwanza ni Nyankunde. Septemba 2002 hospitali ile kubwa ya Waprotestanti kule Ituri ilivamiwa na watu wengi wakauawa. Waliopona walitembea kwa miguu msituni hadi Oicha, wanafunzi wa uuguzi wakiwa kati yao. Kazi ya kutibu na kufundisha haikufa. Iliendelea huku Oicha na Beni. Wauguzi wangapi wanaotutibu leo ni matunda ya uamuzi ule wa kutofunga shule?

La pili ni Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa katika kliniki za chuo kikuu cha Graben, Butembo, akiwa katika kazi ya kuokoa watu wetu. Chuki ile ilikua kwa sababu watu hawakuamini wageni waliokuja na magari na maneno magumu. Tulijifunza kwa uchungu faida ya kuwa na waganga, wauguzi na waandishi wa habari waliozaliwa hapa, wanaosema Kinande na Kiswahili, na ambao mama wa kijijini anaweza kuwauliza swali bila hofu. Watu hao hawashuki kutoka mbinguni. Wanasomeshwa.

Na kuna jambo la tatu ambalo kila mzazi analijua. Kijana aliyekosa shamba na kukosa masomo anabaki barabarani, na barabarani kuna wanaomngoja wampe bunduki.

Parokia inaweza kufanya nini?

Hatuna uwezo wa kufungua barabara wala kumaliza vita. Hilo tunawadai wakubwa, na tunaendelea kuunga mkono mazungumzo ambayo ECC na Maaskofu wa CENCO waliyaanzisha Januari 2025 kwa ajili ya amani. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji Kinshasa.

Kwanza, tuwahesabu wanafunzi wetu. Parokia nyingi zinajua idadi ya waimbaji, hazijui idadi ya wanafunzi wala nani ameacha masomo. Pili, sadaka ya masomo itolewe wakati wa mavuno, si wakati wa mtihani ambapo kila mfuko ni mtupu. Likelemba za kina mama zimetuonyesha kwamba feza kidogo kidogo kwa wakati wake zinafanya kazi kubwa. Tatu, parokia iandikie chuo barua ya kumdhamini mwanafunzi ambaye familia yake imekimbia, ili aandike mtihani na deni lilipwe kwa awamu. Na tukisaini, tulipe. Nne, familia za mjini zipokee wanafunzi wa vijijini, hasa mabinti, bila kuwageuza watumishi wa nyumba. Tano, jumba la kanisa lenye taa ya jua lifunguliwe jioni kwa wanaosoma, na asiulizwe mtu ni wa CBCA, CECA 20, CEPAC au Mkatoliki.

Katika 2 Wafalme sura ya 6 tunasoma habari za wanafunzi wa manabii. Mahali pao palikuwa padogo. Hawakungoja mfalme awajengee. Walikwenda Yordani kukata miti wenyewe, na Elisha alikubali kwenda pamoja nao. Mmoja wao shoka lake likazama majini, naye akalia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Maskini anayesoma kwa kitu cha kuazima: huyo tunamjua, yuko katika parokia zetu. Mtumishi wa Mungu hakumkemea wala hakumwambia kwamba masomo si ya watu kama yeye. Alimwuliza limeangukia wapi.

Swali hilo tuwaulize vijana wetu Jumapili hii, kabla mtihani unaofuata haujafika.