Karani Hakuwa Rafiki wa Nyanya Yako

Eti maskini hawana historia. Uongo. Maskini wa London enzi za Malkia Victoria waliandikwa sana tu. Shida ni nani alishika kalamu.

Chukua Mwingereza wa leo anayemtafuta nyanya wa nyanya yake. Tangu 1837 serikali ilisajili vizazi, ndoa na vifo. Tangu 1841 sensa iliandika watu kwa majina. Basi anampata, mtaa wa Bethnal Green. Kwenye cheti cha ndoa, pahali pa sahihi pana X. Kwenye sensa, safu ya kazi iko tupu. Anafunga faili: "Alikuwa mama wa nyumbani tu, na hakusoma."

Tu? Mitaa ile ilijaa wanawake waliokaa na watoto wao mezani wakigundisha viboksi vya kiberiti. Viboksi 144 kwa peni mbili na kitu, na gundi unajinunulia. Hiyo si kazi? Na hiyo X haimaanishi hakujua kusoma. Wengi walifundishwa kusoma kwanza, wakatolewa shule kabla ya kufika kuandika.

Ukitaka kurasa nyingi kumhusu maskini, mtafute siku alipoanguka: kortini, ama kwenye zile nyumba za maskini za sheria ya 1834, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa. Akifia humo na mwili ukose mwenyewe, sheria ya 1832 iliruhusu upelekwe kwa wanafunzi wa udaktari wakaupasue. Miaka 40 ya kufua nguo za watu haina hata mstari. Wiki moja ya aibu iko na faili.

Na hizo faili zina mdomo. Charles Booth, tajiri wa meli, alichapisha ramani ya umaskini wa London mwaka wa 1889. Mitaa ya chini kabisa aliipaka nyeusi, akawaita wakaaji wake waovu, nusu wahalifu. Leo mtu anakuta babu yake aliishi kwenye mtaa mweusi, anaona haya. Haya ya nini? Rangi ile ni maoni ya tajiri.

Hata waliposhinda walipokonywa. Mwaka wa 1888 wafanyakazi kama 1,400 wa kiwanda cha kiberiti cha Bryant & May, wengi wasichana, waligoma wakashinda. Sifa nyingi zikamwendea Annie Besant, mwandishi.

Nasi tusicheke. Malkia huyo huyo ndiye alikuwa kitini reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo kutoka pwani, mara nyingi tunawapata kama idadi, wamehesabiwa kando ya mizigo yenyewe.

Kwa hivyo ukimpata wako kwenye faili, chukua jina, chukua tarehe. Matusi ya karani mwachie karani.