Shabaha: Risasi Nayo Ina Tabia Yake

Mpigaji wa shabaha akikosa mara tatu mfululizo, kwanza huitazama bunduki yake kwa jicho la hasira. Kisha huutazama upepo. Mwisho, ikiwa ni mtu mnyofu, hujitazama mwenyewe. Ni wachache waliokotao ganda lililoanguka miguuni pao na kulisoma. Jambo hili ni la ajabu, maana kitakoni mwa ganda la bunduki ya .303, kandokando ya fataki, imepigwa chapa ya kiwanda, ya mwaka, na ya aina ya risasi. Huenda akaona kwamba zile tano zilizokwenda vema zatoka katika sanduku moja, na zile tatu zilizopotea zatoka katika sanduku jingine. Basi bunduki imelaumiwa bure.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno risasi lina maana mbili: kile kitu kizima kitiwacho katika bunduki, na kile kipande cha mbele kirukacho hewani. Hapa kitu kizima kitaitwa risasi, na kile kirukacho kitaitwa kichwa. Nyuma ya kichwa kuna ganda la shaba nyeupe kwa manjano, ndani ya ganda mna baruti, na kitakoni mna fataki iiwashayo. Hivyo vinne vikibadilika, hata kimoja tu, risasi si ile tena.

Mfano ulio bora ni ule wa Lee-Enfield, bunduki waliyoibeba askari wa King's African Rifles hadi Burma, na ambayo wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua kama wajuavyo jembe. Zamani risasi yake, aina ya VI, ilikuwa na kichwa cha mviringo chenye uzito wa greini 215, nacho kilitoka mtutuni kwa mwendo wa futi 2050 hivi kwa sekunde. Mwaka 1910 ikaingia aina ya VII. Kichwa chake kilichongoka, uzito wake greini 174, mwendo wake futi 2440. Ncha ya ndani ilifanywa kwa alumini na sehemu ya nyuma kwa risasi yenyewe, yaani ile madini nzito, ili umbo liwe refu bila kuongeza uzito. Bunduki ilikuwa ileile, mtutu uleule wenye mifuo mitano izungukayo kwa kushoto, mzunguko mmoja kila inchi 10. Lakini vipimo vya kulengea vilivyochorwa kwa ajili ya risasi ya zamani havikufaa tena, ikabidi vichorwe upya. Aliyelenga kwa vipimo vya kale akipiga risasi mpya alipita juu ya shabaha, na mkono wake ulikuwa hauna kosa lo lote.

Tofauti za namna hiyo ni kubwa, na kila mtu huziona. Zimdanganyazo mpigaji ni zile ndogo. Aina ya VII ilitiwa baruti iitwayo kordaiti, iliyofanywa kama nyuzi nyembamba ndefu. Palikuwapo pia aina ya VIIZ, iliyotiwa baruti ya namna nyingine. Kwa macho zalingana kabisa ila kwa ile herufi Z. Mtu azichanganyaye mfukoni huchanganya tabia mbili. Kwa yadi 100 huenda asitambue neno, kwa maana kichwa hufika upesi hata hakipati wakati wa kuanguka sana. Kwa yadi 1000 mambo ni mengine: kichwa kilichotoka polepole kidogo hukaa hewani zaidi, na kila sehemu ya sekunde kinazidi kuvutwa chini. Matundu yaliyokaa pamoja kama mayai katika kiota kwa yadi 100 hutawanyika, moja juu na jingine chini.

Joto nalo ni adui. Kordaiti ikipata moto huwaka kwa nguvu zaidi. Risasi zilizoachwa juani hupiga juu kuliko zile zilizokaa kivulini, na vivyo hivyo ile iliyongoja katika mtutu wenye moto wakati mpigaji alipokuwa akisubiri upepo utulie. Pia Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa futi zaidi ya 5000, ina hewa nyepesi kuliko Mombasa. Risasi ile ile iliyosahihishwa pwani itapita juu ya alama yake ikipigwa mbali huku barani.

Lililo la ajabu kupita yote ni habari ya maji. Wapigaji wa Uingereza na wa nchi za Jumuiya ya Madola hukutana Bisley, uwanja ulio kusini-magharibi ya London, ambao mashindano yalihamia mwaka 1890 kutoka Wimbledon. Mkutano mkubwa huwa Julai, na mvua ya Uingereza haijali mwezi. Wale waliotumia Lee-Enfield walijifunza kuzificha risasi zao zisilowe, na kuufuta mtutu hata usibaki na mafuta mahali pa kukalia ganda. Kwa nini? Baruti ikiwaka, ganda kavu hutanuka na kushika kuta za chumba chake, nazo kuta hupokea sehemu ya ule msukumo. Ganda lililolowa huteleza. Nguvu yote yarudi nyuma juu ya bolti, bunduki hutikisika kwa namna nyingine, na kichwa hutoka kimeelekea juu. Risasi ni njema, baruti ni njema, ila tone la maji tu.

Kutikisika huko kwahitaji kuelezwa, maana ndimo ilimo siri ya bunduki hiyo. Bolti ya Lee-Enfield hujifunga kwa nyuma, wala si mbele karibu na ganda kama ile ya Mauser. Bunduki ipigwapo, chuma hujikunja kidogo sana na mdomo wa mtutu huinuka. Kichwa chepesi mwendo huwahi kutoka kabla mdomo haujainuka sana. Kile kizito mwendo huchelewa kidogo, hutoka wakati mdomo uko juu zaidi. Basi kile cha polepole huanza safari yake kwa kuelekea juu, nacho huanguka zaidi njiani, na huko mbali hukutana na mwenzake. Kwa sababu hiyo Lee-Enfield ilisifiwa kwa yadi 900 na 1000 na risasi zisizolingana mwendo, hali kwa yadi 200 risasi zizo hizo zilitawanyika juu na chini kuliko katika bunduki ya Mauser. Kwa hiyo aulizaye, "Risasi ipi ni bora?" hajauliza sawasawa mpaka ataje bunduki na umbali.

Bunduki ndogo za .22 hufundisha jambo lilo hilo kwa bei nafuu. Kichwa chake ni cha greini 40, na risasi za mashindano hufanywa zisishinde mwendo wa sauti, kwa kuwa kichwa kinachopungua mwendo na kuupita mpaka huo huyumba njiani. Hata hapo, masanduku mawili ya kiwanda kimoja, yenye jina moja lakini yaliyofanywa siku mbalimbali, yaweza kutofautiana. Mtutu mmoja hupenda hili, wa pili hupenda lile. Wapigaji hodari hujaribu kwanza risasi chache za kila tengenezo, kisha hununua nyingi za lile lililowafaa, wasirudi dukani mpaka zimekwisha. Si anasa: ile duara ya 10 katika shabaha ya mita 50 ina upana wa milimita 10.4 tu.

Kujaribu kwenyewe si kazi ngumu, ila kwataka uvumilivu, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Bunduki huwekwa juu ya mfuko wa mchanga, mpigaji awe yule yule, siku iwe tulivu. Hupigwa risasi kumi za aina ya kwanza juu ya karatasi moja, na kumi za aina ya pili juu ya karatasi nyingine. Kisha hupimwa matundu mawili yaliyo mbali kabisa. Tatu hazitoshi; risasi tatu zaweza kukaa pamoja kwa bahati njema, na mtu akatumia fedha ya mwezi mzima kwa ajili ya bahati. Na abadilishapo aina ya risasi za .22, apige kadhaa kwanza pasipo kuzihesabu, maana mafuta yaliyopakwa vichwani hubaki mtutuni, na mtutu hauzoei mafuta mapya papo hapo.

Je, mwenye fedha atashinda kwa kununua? Bisley walilijibu swali hilo zamani. Katika mashindano yao makubwa risasi hugawiwa pale pale uwanjani, za aina moja kwa wote, zamani zilikuwa.303, na tangu mwisho wa miaka ya 1960 zimekuwa 7.62. Mtu hawezi kuleta zake. Mwaka 1930, kwa risasi za kugawiwa hivyo, Bibi Marjorie Foster alichukua Zawadi ya Mfalme, mwanamke wa kwanza kuipata. Aliyekuwa nyuma yake ni Luteni Eccles wa kikosi cha Seaforth Highlanders, naye alishindwa kwa pointi moja tu. Wakambeba Bibi Foster juu ya kiti mabegani, kama ilivyo desturi ya mahali pale kwa mshindi.