Hofu ya wazee wa Kilifi haikuletwa na wafadhili

Makala iliyodai kwamba filamu za hali halisi zinazolipiwa na mifuko ya hisani ya nje ni kasuku wa wenye fedha imekwepa swali moja: nani mwingine angelipa?

Tazama filamu The Letter ya 2019, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anarudi kijijini Kilifi, pwani ya Kenya, baada ya kusikia kuwa bibi yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, anatuhumiwa uchawi. Wanaomtuhumu ni ndugu wa damu, na nyuma ya tuhuma kuna shamba. Wazee wa Kilifi waliuawa kwa maneno hayohayo kabla mfadhili yeyote hajaandika hundi. Televisheni ipi yetu ingemlipa mpiga picha akae na familia moja hadi wafunguke? Na Softie ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 bila kuhonga wapiga kura, ingedhaminiwa na kampuni gani?

Ubaya upo, ila mwandishi wa makala hiyo hakuugusa. Fomu za maombi humtaka mtengenezaji aeleze filamu itabadilisha nini, hata kabla hajajua mhusika wake atasema nini. Hapo ndipo ukweli hupindwa.

Docubox, mfuko ulioanzishwa Nairobi na Judy Kibinge, nao umepokea fedha za Ford Foundation, lakini huwasikiliza watengenezaji wa Afrika Mashariki. Anayechukia fedha za nje awadai matajiri wetu wachangie mfuko huo.